Kangaga Halimpokei Mwenye Hofu

Mlango wa bustani haukuwa na kufuli. Wageni waliofika hospitali ya Kilulunyi walishangazwa na jambo hilo, maana huko mabondeni walikuwa wamesikia kwamba mtunza makangaga amefungiwa ndani kama mahabusu. Saru aliwaacha wausukume wenyewe. Ulikuwa mlango mwepesi wa kioo, wenye mpira pembeni wa kuzuia hewa isivuje, na mtoto wa miaka mitatu angeufungua kwa kidole. Nyuma yake palikuwa na chumba kidogo, halafu mlango wa pili kama huo, halafu ngazi za mawe zilizoteremka mpaka lango la nje. Saru alizijua hatua zake. Sitini na tatu. Ya sitini na nne hakuwahi kuifikia akiwa amesimama wima.

Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja.

Asubuhi ile ya mwezi wa Mei alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la chini, penye kivuli kizito kuliko kote, akikata majani makuukuu. Kazi hiyo ilitaka jicho. Kangaga la Kilulunyi halikupukutisha majani yake, si kiangazi si masika, lakini kila jani lilikuwa na siku zake, na lililozeeka lilipaswa kuondolewa kabla chipukizi jipya halijafunguka, la sivyo kisu kingelijeruhi. Machipukizi yalikuwa yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, yamejaa manyoya ya kahawia. Saru aliyapitia moja moja huku akivuta pumzi taratibu, nayo yakatulia.

Alisikia mlango ukifunguliwa. Daktari Righa aliingia akiwa na barakoa nene usoni, kama walivyovaa wote waliotia mguu mle ndani isipokuwa Saru peke yake.

"Mama Mghoi," alisema, "nimekuletea habari njema. Tumempata mtu."

Kisu kikamponyoka Saru.

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Wakio binti Mwadime. Mumewe yuko wadi ya pili, kitanda cha thelathini. Ni mzima, ana nguvu, na kifua chake kimepimwa mara tatu. Anaingia kesho. Ukimfundisha siku saba, ya nane utaanza kunywa dawa, na mwisho wa mwezi utakuwa nyumbani kwako."

Saru alikiokota kisu. Mwisho wa mwezi. Binti yake Mghoi alikuwa na mimba ya miezi minane huko Mwatate, na siku tatu zilizopita alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, wenye kicheko na woga ndani yake: "Mama, watu wananiuliza ni nani atakayekuja kumwogesha mtoto. Niwaambieje?" Saru alikuwa ameusikiliza ujumbe ule mara nyingi sana bila kuujibu.

"Sharti ni lile lile," Righa aliongeza kwa sauti ya chini. "Usimweleze kabla ya siku ya saba."

"Najua."

"Nakukumbusha tu. Kangaga halimpokei mwenye hofu."

*

Waliokuwa wakilala chini ya bustani ile walikuwa watu wa machimbo. Miaka mingi vijiji vya nyanda za chini vilichimba vito, na vumbi la mawe likaingia vifuani mwao likakaa. Hapakuwa na dawa ya kulitoa, mpaka watafiti wa Kilulunyi walipoliunda kangaga lililotoa mvuke wa kulilegeza vumbi lile kidogo kidogo, mgonjwa akalikohoa mpaka mapafu yakatakata. Mabomba yalinyonya hewa ya bustani na kuishusha wadini mchana na usiku. Aliyeletwa amebebwa kwa machela aliondoka baada ya mwaka akitembea kwa miguu yake.

Lakini kangaga lile halikutoa mvuke ovyo. Mizizi yake iliishi na kuvu fulani, na kuvu ile ilihitaji nusu yake nyingine ikae ndani ya kifua cha binadamu mmoja, anayelala humo, anayeyapumulia majani nayo yakimpumulia. Akiondoka, majani hujikunja baada ya saa chache, na siku ya nne yanakufa. Naye huko nje kuvu iliyomo kifuani huanza kutafuta wenzake. Hutanuka, na koo hufunga. Dawa ya kuiua ilikuwepo, tena ilifanya kazi vizuri. Ila hakuruhusiwa kuinywa mpaka apatikane mwingine wa kushika nafasi, kwa sababu wadini walikuwa wamelala watu arobaini na mmoja.

Na huyo mwingine ilibidi aingie bila kujua. Mtu mwenye hofu hutoa jasho lenye harufu yake, na makangaga yaliikataa harufu ile. Ndivyo Saru alivyoelezwa, siku ya saba ya kuingia kwake, na mzee aliyekuwa mtunzaji kabla yake. Mzee alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Aliongea akitazama ukuta.

*

Wakio aliingia kesho yake saa nne, amebeba begi la nguo na sufuria yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja sokoni. Alikuwa mshonaji wa sare za shule.

"Hodi, Mama Mghoi! Loo, huku ni baridi! Na harufu nzuri, kama mvua imenyesha jana." Aligeuka huku na huku. "Barakoa je? Wote niliowaona wanavaa."

"Mtunzaji havai," Saru alisema.

"Afadhali. Mimi ile inanibana." Akacheka, akaketi kwenye kitanda cha pili kilichowekwa karibu na tuta. "Wameniambia ni kazi ya kumwagilia tu. Mume wangu Nyambu akipona, miezi sita au saba, tunarudi wote. Nimewaachia wifi zangu cherehani."

Saru alikuwa ameshika birika. Alimmiminia chai, akatia sukari, akampa.

Siku zile za mwanzo zilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia, na hilo ndilo lililomtesa. Kwa miaka kumi na moja hakuwa amekaa na mtu asiyefunika uso. Wakio alikuwa na mikono ya mshonaji. Alikishika kisu kidogo kama mkasi wake mwenyewe, hakuumiza chipukizi hata moja.

"Usiuzike moyo wake," Saru alimfundisha walipokuwa wakipandikiza tuta la juu. "Hapa, pale majani yanapotokea. Ukiufukia udongo unaoza. Tandaza mizizi, weka mboji, gandamiza kwa kiganja, basi."

"Maji?"

"Asubuhi, chini kwenye udongo. Usimwagie majani. Na jua lisiliguse. Likipata jua saa moja tu, ncha zinaungua."

"Kangaga la kwetu mtoni hukauka kiangazi likaota tena."

"La huku halikauki. Mwaka mzima ni hivi."

Wakio alilitazama jani lile, pana, zito, linalong'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. "Kwa hiyo halipumziki kamwe?"

"Halipumziki."

"Maskini," Wakio alisema, akaendelea kugandamiza udongo.

Siku ya tatu asubuhi, Saru aliamka akaona jambo alilokuwa akilingoja na kuliogopa. Majani ya tuta la kati, yaliyokuwa yameelekea kitanda chake miaka yote, yalikuwa yameinama upande wa pili. Yalikuwa yamemwinamia Wakio aliyelala chali, mdomo wazi, anakoroma.

Siku ya tano Wakio alishuka wadini kumwona mumewe. Alikaa robo saa tu. Aliporudi alikuwa ameshika kifua.

"Hewa ya nje nzito leo," alisema, akikohoa. "Nilipopanda ngazi niliona kama mtu amenikalia hapa. Nilipoingia ndani tu, kimya, kimeondoka." Alifurahi. "Kweli hii hewa ni dawa. Nyambu naye ameketi leo! Amekula uji mwenyewe."

Saru alisema, "Alhamdulillahi," ingawa hakuwa Mwislamu. Lilikuwa neno la jirani yake wa zamani, lilimtoka tu. Akaenda nyuma ya tuta la mwisho, akainua simu ya ukutani.

"Daktari, nataka kumwambia."

Righa akasema, "Zimebaki siku mbili."

"Ameanza kukohoa nje. Hajui ni nini."

"Atajua kesho kutwa. Ulivyojua wewe."

"Ndiyo maana nataka kumwambia."

"Nisikilize, Mama Mghoi. Mimi si mtu mbaya." Sauti yake ilichoka. "Baba yangu alikufa kwa vumbi lile kabla makangaga hayajakuwepo. Nimewaona wanavyokufa. Bustani sasa imegawanyika, nusu yako na nusu yake. Akishikwa na hofu leo, nusu yake itajikunja. Nusu yako pekee haitoshi kwa wadi zote. Watu wataumia. Pengine na mumewe. Na wewe utarudi mwanzo, kwa sababu hutaruhusiwa dawa mpaka nipate mtu mwingine, na nimetafuta miaka minne. Kwa siku mbili za ukweli?"

"Kwani mkataba wake unasemaje?"

"Unasema mpaka bustani itakapompata mwingine. Ameusoma, ametia sahihi."

"Hata mimi nilitia," Saru alisema, akaweka simu.

Alikaa pale nyuma ya tuta akiwa ameshika magoti. Alifikiri juu ya Mghoi, na beseni, na maji ya vuguvugu. Siku mbili. Haikuwa lazima aseme uongo hata mmoja. Ilikuwa lazima anyamaze tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea. Upande wa pili wa majani Wakio alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, akikosea maneno, akianza upya.

*

Alimwambia siku ya sita, alasiri, walipokuwa wakigawanya shina kubwa lililobanana. Wakio alikuwa ameshika upande mmoja wa mizizi na yeye upande mwingine, wanavuta.

"Wakio," alisema, "hukuja kwa miezi saba."

Alieleza kila kitu. Alieleza kuvu, na majani yaliyoinama, na kikohozi cha jana, na hatua sitini na tatu, na miaka yake kumi na moja. Hakupunguza wala hakupamba. Wakio alisikiliza akiwa bado ameshika mizizi. Udongo ulimdondoka mapajani.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," alisema mwishowe.

"Nilijua."

"Ukanipa chai."

"Nilikupa chai."

"Nikakuonyesha picha za wanangu." Sauti ya sokoni ilikuwa imekwisha. "Mdogo ana miaka sita. Ulimsifu macho. Ulisema ana macho mazuri, Mama Mghoi!"

Alisimama, akalitupa lile shina ukutani likapasuka. Kisha akakimbia. Alipita mlango wa kwanza, na wa pili. Saru alimfuata bila kufikiri, akiita jina lake, akiteremka ngazi kwa miguu isiyozoea. Aliona mgongo wa Wakio ukiinama kwa kikohozi karibu na lango. Halafu koo lake mwenyewe likafunga, kama mkono umemkaba kwa ndani, mawe yakamjia usoni.

Alipopata fahamu alikuwa akiburutwa. Wakio alikuwa amemshika makwapani, akimvuta kupanda ngazi, akihema, akitukana kwa Kidawida cha kwao na Kiswahili. Alimvuta mpaka chumba kidogo, akausukuma mlango wa ndani kwa kisigino, akamlaza kwenye mboji.

"Nyambu anapumua kupitia mabomba hayo?" aliuliza.

Saru aliitikia kwa kichwa.

Machozi yalimtoka Wakio na uso haukubadilika. "Na kama ningekaa, nikajifanya sijasikia?"

"Makangaga yangejua," Saru alinong'ona. "Tazama."

Tuta la kati lilikuwa limeanza kujikunja. Jani moja, halafu la pembeni yake, halafu safu nzima, ncha zikirudi ndani kama vidole vinavyofumbata.

Wakio alichukua begi lake. Sufuria aliisahau. Safari hii hakukimbia.

*

Jioni ile nusu ya bustani ilifunga. Sauti za kikohozi zilipanda kupitia mabomba, kwanza moja, kisha nyingi pamoja. Righa aliingia na barakoa yake, akaangalia matuta, akaangalia kipimo ukutani, na hakumgombeza. Alisema tu, "Yafungue."

"Nitayafunguaje? Yananinusa na mimi. Naogopa."

"Basi acha kuogopa."

Alipoondoka Saru alilala kifudifudi katikati ya tuta lililofunga, akaanza kupumua. Alijaribu kujituliza kama alivyojua, kwa kuhesabu, kwa kuimba kimoyomoyo. Majani hayakutikisika. Saa nzima, saa mbili. Kikohozi chini kiliendelea. Ndipo alipotambua kilichokuwa kikiyazuia. Hofu ya wagonjwa ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa nyingine: bado alikuwa akitumaini. Bado sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa Mwatate, imekunja mikono ya nguo, inapima joto la maji. Kila alipolifikiria lile beseni kifua kiliruka, na jasho likabadilika, na makangaga yakajua kwamba anataka kuondoka.

Kujifanya kusingesaidia. Ilimbidi aache kweli.

Ilimchukua siku mbili. Aliliacha tumaini lile kipande kwa kipande, kama mtu anayetoa vyombo nyumbani mwake akivigawa. Alimwacha mtoto asiyemjua. Aliuacha uso wa Mghoi. Aliliacha jua, lile jua kali la nyanda za chini alilolitamani mpaka lilikuwa likimjia ndotoni kama chakula. Asubuhi ya siku ya tatu hakubakiwa na kitu cha kutamani, na majani yakaanza kufunguka juu ya mgongo wake, moja baada ya jingine, yakigusana na kutoa sauti ndogo kama karatasi.

Chini kikohozi kilipungua. Righa alipiga simu saa tatu.

"Yamefunguka," alisema. "Asante." Kisha, "Mzee Mlamba wa kitanda cha kumi na tisa amefariki jana adhuhuri. Alikuwa mahututi. Pengine angeishi mwezi. Nimeona ni haki ujue."

"Ni haki," Saru alisema.

Wiki mbili baadaye ujumbe wa Mghoi ulifika. Mtoto wa kike, kilo tatu, amezaliwa salama, jirani ndiye aliyemwogesha. Nyuma ya sauti kichanga kilikuwa kikilia. Saru alisikiliza mara moja tu. Hakulia, kwa sababu makangaga yalikuwa yakisikiliza pumzi yake. Alichukua kisu akaendelea na majani makuukuu.

*

Miezi ikapita. Kila mtu aliyeletwa na Righa, Saru alimweleza mlangoni, kabla hajakanyaga ndani. Walikuja wanne. Mmoja alidhani ni mzaha. Wote waliondoka. Righa aliacha kuleta watu, na akaacha pia kumwamkia.

Mwezi wa Desemba, siku ya Jumanne, mlango wa nje ulisukumwa. Alikuwa Wakio. Alikuwa amekonda kidogo. Nyuma yake, kwenye chumba kidogo, alisimama mwanamke mfupi wa makamo mwenye kitambaa kichwani, na nyuma ya huyo Daktari Righa, amekunja mikono.

"Nyambu ametoka hospitali," Wakio alisema bila salamu. "Jumamosi. Amepanda ngazi za nyumbani mwenyewe."

"Namshukuru Mungu."

"Basi sina mtu humu. Nataka ulielewe hilo kwanza. Sikulazimishwa na kitanda cha mtu." Alivuta pumzi. "Daktari alinipa dawa, kuvu ikafa, na miezi saba nilikuwa uwanjani huko nyuma, wanakopikia jamaa za wagonjwa. Niliwaambia wote. Mwanzoni walitaka kunipiga, wakasema nimemwua Mzee Mlamba. Mjane wake ndiye aliyewazuia. Ni huyu, Mama Kidai."

Yule mwanamke mfupi aliinamisha kichwa kidogo. "Shikamoo," alisema, na Saru aliinama chini zaidi yake, kwa kuwa mama huyo alikuwa mkubwa kwake na yeye ndiye aliyestahili kuamkiwa.

"Alitaka kujua ulisema nini hasa," Wakio aliendelea. "Nikamweleza. Akakaa siku nyingi. Halafu akasema, kama mtu mmoja anaweza kuoza humu miaka kumi na moja, watu kumi na mmoja wanaweza kukaa mwaka mmoja mmoja." Alitoa karatasi ya daftari la shule, iliyokunjwa mara nne. "Mwaka wa kwanza mimi. Wa pili yeye. Wa tatu bado. Kuna wengine wawili wanafikiri."

Righa alisogea. "Nimewaeleza. Haiwezekani. Wanajua. Wanaogopa. Kangaga halimpokei mwenye hofu."

"Nani alijaribu?" Wakio aliuliza.

Daktari aliirekebisha barakoa yake.

"Nauliza tu. Ni mtu gani aliyejua akaingia, kangaga likamkataa mpaka mwisho?"

"Hakuna aliyejua akaingia," Righa alisema.

"Basi hamjui."

Saru alichukua karatasi ile. Mwandiko ulikuwa wa mshonaji, ulionyooka kama pindo. Alitazama mstari wa tatu uliokuwa mtupu. "Nipe kalamu," alimwambia Righa. Aliandika, akaikunja karatasi, akamrudishia Wakio, naye alisoma na kumtazama.

Wakio alilala kitanda cha pili. Aliogopa, wala hakuficha. Mara mbili alitoka mpaka langoni akakaa chini akilia, kisha akarudi. Makangaga yalimpa mgongo. Siku ya saba, hakuna kitu. Siku ya kumi na mbili majani yaliyokuwa karibu naye yalijikunja kidogo, na Righa akasema kwamba ndiyo hayo. Saru aliomba siku zaidi. Walizungumza sana, wanawake wale wawili, juu ya watoto, juu ya sare, juu ya hasira. Wakio alimwambia kwamba bado hajamsamehe ile chai. Saru alisema anajua.

Siku ya kumi na tisa, Wakio akiwa amechoka kuogopa, akisimulia huku akipiga miayo habari ya mkuu mmoja wa shule aliyekataa kulipia vifungo, jani moja la tuta la kati lilitoka kwenye safu likamgusa bega. Kesho yake yalikuwa matano.

Righa alikuja kuangalia. Alisimama mbele ya tuta lile, akavua barakoa, akajifuta uso kwa kiganja, akakumbuka, akaivaa haraka.

"Siku kumi na tisa," alisema. "Miaka yote hii tulikuwa tukipima saba."

*

Mghoi alikuwa akianua nguo mama yake, aliyekwisha kumaliza dawa, alipoingia uani Mwatate, jua la saa nane likiwa kali, ameshika mwavuli, kwa kuwa ngozi yake haikuliweza tena. Walishikana wakakaa hivyo. Kisha Mghoi aliingia ndani akatoka na mtoto wa miezi tisa, mnene, ameshika kipande cha ndizi.

"Huyu ni Saru," alisema. "Mwambie bibi shikamoo."

Mtoto alipowekwa mikononi mwake alimtazama, akainusa shingo yake, uso ukakunjamana, akaangua kilio. Alijipindapinda, akamnyooshea mama yake mikono. Saru alimrudisha.

"Atakuzoea, mama. Hakujui tu. Wiki moja hivi." Mghoi alimbembeleza mtoto, akicheka na kufuta machozi yake mwenyewe. "Muda tunao sasa. Huendi popote."

Saru aliketi kwenye kiti kilichokuwa kivulini. Angeweza kunyamaza mpaka kesho. Angeweza kunyamaza mpaka mtoto amzoee kwanza.

"Mghoi," alisema, "kuna orodha. Watu wanakaa mwaka mmoja mmoja. Wa kwanza ameshaingia, na wa pili yupo. Wa tatu nimejiandika mimi."

Mghoi aliacha kumbembeleza mtoto. "Umetoka juzi."

"Najua."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana. Safari hii hakuna."

Mtoto alikuwa bado analia. Mghoi alimtazama mama yake, uso ule uliopauka kwa kukosa jua, kucha zenye udongo ambao sabuni haikuutoa. Alitazama kando, akauma midomo. Kisha alivuka ua kwa hatua ndefu, akamweka mtoto mapajani mwa Saru na kilio chake chote, akaishika mikono ya mama yake akaizungusha mgongoni mwa mtoto.

"Basi mshike vizuri," alisema. "Una miaka miwili tu."